Askari wa Pili

Mimi ndiye niliyemshonea vifungo Elkana Vuyanzi
miaka ishirini na tisa, chumba cha nyuma ya jukwaa,
penye pasi ya makaa na harufu ya jasho la wafalme.
Wafalme walikuja wakapita. Vipimo vyao nimevisahau.
Vya Elkana ninavyo: kifua arubaini,
bega la kushoto limeshuka kidogo,
kwa sababu, alisema, ndilo alilobebea watu wengine.

Katika karatasi ya mchezo jina lake lilikaa chini,
karibu na shukrani kwa waliotukopesha viti:
Askari wa Pili. Jirani. Karani. Sauti Nje ya Mlango.
Usiku wangu wa kwanza kazini alikuwa na maneno matano:
"Bwana mkubwa, kuna mgeni mlangoni."
Aliyasema kana kwamba ameuona uso wa huyo mgeni
na hangependa kuuona tena.
Ukumbi mzima uligeuka kuutazama mlango wa mbao nyembamba
ambao nyuma yake nilikuwa mimi, sindano mdomoni.

Kisha televisheni ikamtaka.
Ikamfanya chifu, kila Jumatano saa mbili usiku,
chifu mla rushwa aliyemfukuza mjane shambani.
Alhamisi, soko la Burma, mwenye nyama akaikataa pesa yake:
"Mrudishie kwanza mama wa watu shamba lake."
Elkana alisimama pale, kofia mkononi, akaomba radhi.
Akaomba radhi kweli! Nilimuuliza kwa nini.
"Angejua ni mchezo," akasema, "ningekuwa nimeshindwa kazi."
Juma hilo alikula sukuma wiki tupu,
na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevishwa nishani.

Hundi zilichelewa. Hundi huchelewa.
Mwenye nyumba wake kule Huruma
alimwona kiooni akishuka kwenye gari la serikali,
kisha akamwona ngazini na viatu vilivyoliwa visigino,
asijue amdai yupi.

Nimeandika kwenye daftari langu: amekufa mara kumi na saba.
Kwa sumu, kwa panga, kwa homa, mara moja kwa kicheko.
Alijua kufa bila kumwibia macho ya watu yule aliye hai,
na hiyo, waulize waigizaji, ni adabu adimu.
Maiti wengine hukohoa. Maiti wengine huitafuta taa.
Elkana alilala akapoa
hata siku moja pazia liliposhuka nilimkimbilia, nikamshika mkono.
"Njaa," akaninong'oneza. "Kuna chai?"

Juzi nilimwona barabara ya Luthuli, mbele ya duka la runinga.
Wanaurudia ule mchezo wa chifu; kurudia hakulipwi.
Elkana kumi na mmoja ndani ya kioo, nywele nyeusi, hawana sauti,
wote wamevaa koti langu,
na kifungo cha tatu si cha rangi yake
(cha kaki kilikosekana, nikatia cha kahawia,
nikidhani hakuna atakayeona).
Na Elkana mmoja nje, mvi, mfuko wa dawa za presha,
midomo ikimcheza,
akiwapa wale kumi na mmoja maneno yao.

Mlinzi wa duka akatoka. Kijana, sare imemzidi mwili.
"Mzee, songa. Unazuia wateja."
Elkana akamtazama kuanzia viatuni, kama nipimavyo mimi.
"Sivyo," akasema. "Ukilisema mbio, utaonekana unaniogopa.
Na rungu si mwavuli. Lishushe, liache lining'inie.
Sasa rudi ndani. Toka tena."

Na kijana, sijui kwa nini, akarudi ndani.

Akatoka tena.