Si Sawa

Saa tisa usiku, Plagwitz, mjini Leipzig,
ghorofa ya nne ya kiwanda kilichosokota uzi zamani.
Wiebke amevua viatu, soksi zake hazifanani,
na mashine inaukataa mstari wa mia mbili na kumi na saba.
Inasema: hapa pana kitu nisichokijua.
Tunasoma. Hatukioni.

Ni fonti yake. Aliinunua kwa fedha zake
akaitia kwenye kompyuta zetu zote kama mtu anayegawa pipi.
Andika kistari, kifuatishe ncha ya mkuki,
papo hapo unapata mshale mzima, umenyooka.
Andika mshangao, kisha alama ya sawa:
vinalaliana, usawa unachanjwa chale ya mshazari,
unasoma kwa pumzi moja, *si sawa*,
kama n na g zinavyokabana kooni mwa ng'ombe
usijue ipi ilitangulia.

Niliipenda, sikatai.
Macho yaliyochoka hupenda kutafuniwa.
Ila vidole vina kumbukumbu zao:
nikifuta mara moja mshale hauondoki,
unakatika kichwa, kistari kinabaki
kikinikodolea.
Na kielekezi husimama katikati ya alama,
mahali ambapo jicho linaapa hapana mlango.

"Fonti haiandiki kitu," anasema Wiebke. "Inavisha tu."

Kweli. Lakini saa tisa na nusu, kahawa imepoa,
kwa hasira zaidi kuliko akili,
narudisha fonti ya kale iliyokuja na mashine,
ile yenye herufi kama meno ya kitana,

na ukurasa mzima unaachana mikono.
Mishale inarudi kuwa kistari na ncha,
mishangao inasimama kando ya usawa wake,
kila kimoja chumba chake, kodi yake.

Isipokuwa alama moja.
Mstari wa mia mbili na kumi na saba:

≠

Haikutengana kwa sababu haikuwahi kuwa mbili.
Ruprecht aliinakili Ijumaa kutoka waraka wa mteja,
akaibandika, akaenda zake Zwickau kwa mama mkwe.
Tuliipita mara arobaini.
Ilikuwa imevaa sare.

Wiebke anacheka hadi anashika meza.
Anaifuta kwa pigo moja,
anagonga mawili: mshangao, sawa.
Mashine inakubali bila shukrani.
Kisha, hata hanitazami, anarudisha fonti yake,
na kwenye kioo chake zinasogeleana tena,
zinalaliana.

Mimi changu nimekiacha hivyo hivyo, na meno yake wazi.
Kesho tutakaa bega kwa bega mbele ya faili moja,
yeye akisoma neno, mimi nikisoma herufi.

Tramu ya kwanza inapita chini. Anatafuta kiatu cha pili.
"Sawa?" anauliza.

Nahesabu kwanza.