Anayepiga Katikati

Fomu ya afisa elimu kata ina kisanduku:
Vifaa vya somo la muziki, taja idadi.
Nikaandika: viganja, mia moja themanini na saba.
Vingetimia na vinane,
ila Mwajabu kaanguka kwenye mfenesi
na mkono wa kushoto umo ndani ya plasta.
"Lakini mwalimu, plasta nayo inalia,"
akasema, akaigonga mezani: ko, ko.
Nikafuta. Nikaandika upya.

Ngoma ya shule ilipasuka siku Mwenge ulipopita;
tunatunzia chaki humo.

Kwa hiyo tunaanza na majina.
Pazi, mapigo mawili, kama jirani mlangoni.
Zawena, matatu, la katikati ndilo zito.
Mwanahamisi,
hapo lazima ukimbie kidogo
ili uiwahi hiyo *mi* kabla jina halijakwisha.
Siwafundishi silabi ipi hubeba mkazo.
Viganja vyao vilijua
kabla hawajajua kushika penseli.

Kisha tunatoka nje, nyuma ya tangi la maji,
duara la watoto tisini na wanne,
kila mmoja na kokoto lake.
Hapa Mtongani kokoto hatununui.
*Chukua, pisha. Chukua, pisha.*
Jiwe langu kwako, la kwako kwa Pazi,
wimbo ukisimama na mawe mawili mbele yako
unatoka kati, unaimba peke yako
ulichokula asubuhi.
Wengi huimba chai kavu. Mmoja aliimba pilau
na duara zima likamzomea kwa mdundo uleule.

Ila Mwinshehe.
Sisi tukishusha jiwe, lake liko hewani.
Sisi tukinyanyua, ndipo lake linatua,
peke yake, *ti*,
kama mtoto aliyefika geti limefungwa.
Siku ya kwanza nikamwambia, pamoja nasi, baba.
Siku ya pili nikamshika kifundo cha mkono.
Siku ya tatu nikaandika daftarini mwangu
neno ambalo sitalirudia hapa.

Jumamosi nikakatiza machimboni kufuata mkaa.
Chini ya turubai la viraka, lundo la kokoto,
na mbele ya lundo mama yake,
jiwe limebanwa ndani ya pete ya mpira wa tairi,
nyundo mbili.
Mama *ta*. Mtoto *ti*.
Mama *ta*, mtoto *ti*,
na katika upenyo ule mwembamba
kidole cha mama kinaingia, kinageuza jiwe, kinatoka.
Akiwahi, kidole.
Akichelewa, kidole.
"Shikamoo mwalimu," akasema,
wala nyundo haikusita.

Mkaa nikausahau.
Nyumbani nikachana ukurasa ule wa daftari,
nikawashia jiko la jirani. Sikujisikia nafuu.

Jumatatu sikusimulia nilichokiona.
Nikakata duara vipande viwili:
hawa wanifuate mimi, hawa wamfuate Mwinshehe.
Mwanzoni ikawa vurugu,
mabati yakidondoka kwenye lori.
Halafu Zawena akaiona njia, halafu Pazi,
halafu plasta ya Mwajabu, ko,
na ghafla mchanga wenyewe ukawa
kinu kimoja chenye michi miwili.
Darasa la tatu wakapoteza jedwali la saba.
Mwalimu Ngonyani akaja amekunja uso kutugombeza,
akasimama pembeni ya tangi,
chaki yake ikigonga bomba bila yeye kujua.

Nami nikanogewa.
Nikaongeza mwendo, nikafumba macho,
nikajiona fundi.

Kitu kikanigusa begani.
Mwinshehe, jiwe mkononi, ametoka kwenye nafasi yake,
uso wa mtu mzima aliye kazini.

"Mwalimu," akanong'ona, asiniaibishe,
"unawahi.
Utajigonga kidole."