Nyuzi Ishirini

Kabla ya kutaja bei alinipa karatasi,
imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya risasi,
tarakimu za marehemu mumewe, Wilfred Thurkettle,
fundi saa wa Woodbridge.
"Wewe ni mtu wa hesabu," alisema Edna. "Nisomee.
Miaka thelathini na mmoja nimekaa ndani ya vipimo hivi
na sikuwahi kujua vinasema nini."

Nje, maji ya mto Deben yalikuwa yamekupwa.
Mashua ilisimama matopeni kwa mikuku yake miwili
kama mgeni aliyevua viatu, anangoja kukaribishwa.

Nikaanza na urefu: futi ishirini na sita, tezi hadi omo.
Lakini huo ni urefu wa kujionyesha, wa kulipia maegesho.
Maji hayaujui. Maji yanajua mstari yanapoishia kulamba:
futi ishirini na robo.
Tafuta kipeuo chake cha pili: nne na nusu kamili
(nilicheka, ni nadra namba kuwa na adabu hivyo),
zidisha kwa moja nukta tatu nne,
upate sita. Noti sita, na si za benki.
Ukiilazimisha zaidi
itajichimbia shimo kati ya mawimbi yake yenyewe
ikae humo, tezi chini, ikitweta.

"Sita?" Edna akaweka kikombe chini.
"Hatukuwahi kupita nne. Tulimwita Kobe."

Nikashuka.
Upana, futi nane na inchi mbili: mabega ya mpagazi.
Kina, futi mbili na inchi tisa, ndiyo maana
hulala popote, hata kwenye maji ya kunawia miguu,
na ndiyo maana ukiielekeza joshini
huenda upande kama kaa, huku ikikuapia inasonga mbele.
Uzito, kilo elfu mbili na mia mbili.
Farumi, mia tisa na arobaini, chuma kitupu.
"Yaani karibu nusu yake," nikasema,
"haina kazi ila kukataa kupinduka."
Hilo alilielewa. Alishika ukingo wa meza.

Tanga nalo, futi za mraba mia mbili na tisini.
Nikalipima na uzito, nikarudia, nikarudia tena.
Tanga la kutosha. Mashua hii si kobe.
Mtu alikuwa akiizuia.

Chini kabisa, karibu na mkunjo, mwandiko mdogo zaidi:
upepo wa noti kumi, punguza tanga mara moja.
Kumi na tatu, mara mbili.
Kumi na saba, turudi nyumbani.
Na pembeni, ndani ya duara lililozungushiwa mara mbili:
nyuzi ishirini. E.

Nyuzi. Kwa lugha yangu neno hilo ni la pembe
na ni la mshonaji pia.

Sikumweleza. Aliinama akasoma mwenyewe,
kisha akatazama ukuta, mahali palipotundikwa
kile kipimo cha mlalo cha shaba, mshale wake umelala sifuri.
"Mwaka wa kwanza," alisema, "pale mlangoni mwa mto,
mashua ililala upande, sahani zikamwagika.
Sikupiga kelele, Badi. Sikusema neno.
Nilidhani hakuona."

Tukanyamaza. Birika likapoa.
Maji yakaanza kurudi bila haraka,
yakijaza nyayo za ndege moja moja,
hadi mkuku wa kushoto, halafu wa kulia,
na mashua ikatikisika kidogo, kama mtu anayekumbuka jina.

Bei tuliafikiana kwa dakika mbili. Alinipunguzia mia tatu
kwa sharti moja: Jumamosi, upepo ukiwa mzuri,
tanga lote, bila kulikunja hata shubiri,
naye akae karibu na usukani.
"Nataka kuiona hiyo sita," alisema.
Karatasi aliikunja mara nne.
Hakunirudishia.