Sahihi ya Buluu

Walinipa ufunguo wa lililokuwa duka la viatu
mjini Duluth, Januari, theluji imefika dirishani.
Rafu bado zilikuwa na namba: nane, tisa, tisa na nusu.
Mimi nikawekwa chini ya kumi na moja,
kompyuta moja, kiti cha kujaribia viatu,
na kile kioo cha sakafuni kinachoonyesha miguu tu.

"Wewe ndiwe mtandao," akasema Orrin, meneja wa kampeni,
mtu wa kuhesabu senti mpaka senti ijute kuzaliwa.
Nywila ilibandikwa ukutani kwa plasta ya kidonda.
Anwani tulizokuwa nazo: mia tatu na arobaini,
robo yao binamu za mgombea.

Mgombea ni Marit Halvorsrud,
dereva wa basi la shule miaka ishirini na miwili.
Anajua mlango wa kila mtoto, na mbwa yupi hung'ata.
Kuandika, hapana. Sentensi zake hufunga breki kila kituo.
Basi nikaandika mimi.
"Jirani mpendwa," na chini kabisa jina lake,
alilolitia kwa wino wa buluu mara moja
tukalibandika mara elfu.

Ilinijia kirahisi, kama kuvaa koti la mtu
ukakuta mifuko ina joto.
Dola tano toka Hibbing. Dola tatu toka Two Harbors,
na maelezo: "Ningetuma nne, ila paka anaumwa."
Nilijifunza kwamba neno "haraka" huleta pesa
na neno "tafadhali" huleta hadithi.

Usiku mmoja wa Machi, saa nane,
akaandika mjane wa Eveleth, Bernadine Skala:
mumewe, mgodi wa chuma, vumbi, miaka minne ya kukohoa.
Hakuomba kitu. Aliuliza tu:
"Haya unayajua, au unaniandikia tu?"

Ningemwamsha Marit. Ningengoja kuche.
Vidole vikanitangulia:
"Nayajua. Baba yangu alikohoa hivyo hivyo.
Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilihesabu
kimya cha kati ya kikohozi na kikohozi,
kama watu wanavyohesabu kati ya umeme na ngurumo."

Kila neno kweli.
Sahihi tu ndiyo iliyokuwa uongo.
Babaye Marit yu hai, anacheza karata kila Jumanne.

Mei, ukumbi wa kanisa la Kilutheri, Eveleth,
kahawa nyepesi hadi unaona kitako cha kikombe,
mwanamke mwenye koti la kijani akapita kati ya safu
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Akamshika Marit mikono. "Baba yako," akasema.
"Kila nikigutuka usiku namkumbuka baba yako."

Nilikuwa nimebeba viti sita. Sikuvitua.
Nikamwona mgombea wangu akisoma,
midomo ikisogea taratibu,
kama asomavyo kibao cha mtaa kwenye ukungu.
Angeweza kuitikia. Orrin, mlangoni,
alishaanza kuitikia kwa kichwa.

"Mama, haya si yangu," akasema.
"Aliyeandika ni yule, mwenye viti."

Bernadine akanitazama kuanzia miguuni,
akapanda polepole, akafika usoni, akabaki hapo.
"Ulihesabu ukafika ngapi?"
Arobaini na moja, nikamwambia.
"Wangu alifika sitini."
Akanipokea kiti kimoja, akakikunjua, akakikalia.

Toka siku ile nikawa natia jina langu chini ya lake:
imeandikwa na Lorna Pelkey.
Orrin alisema pesa zitapungua. Zikapungua.
Novemba tukashindwa kwa kura mia mbili na saba,
na yeye hadi leo anajua kila moja ilipotelea wapi.

Ufunguo niliurudisha.
Plasta niliibandua ukutani, ikatoka na rangi.
Nywila bado naikumbuka.