Nikumbushe Kesho

Kila asubuhi, kabla sijapangusa vumbi la Nyawera kwenye skrini,
mashine inaniuliza lile lile:
sistemu mpya iko tayari. Sasa, au nikumbushe kesho?
Nabonyeza kesho.
Miezi saba nabonyeza kesho,
kama mtu anayemwambia mdai wake yuko njiani.

Cirhuza, fundi wa pale chini kwenye ngazi,
anasema ya zamani haina tena wa kuilinda,
ni nyumba ambayo askari wake keshaondoka,
virusi vinapita mlango wa mbele bila hodi.
"Kipya kinyemi, mama."
Namalizia kimoyomoyo: ingawa kidonda.
Mwalimu wetu wa darasa la tano alitufundisha hiyo Jumatatu,
na Ijumaa, bila haya, akatufundisha nyingine:
usiache mbachao kwa msala upitao.
Zikikutana mtu afanyeje, hakusema.

Nina hesabu zangu.
Giga nne na nusu: mega za usiku, usiku tatu bila kulala.
Umeme wa Ibanda unaondoka bila kuaga,
betri inashika dakika arobaini ikiamka vizuri,
na mashine ikikatwa katikati ya kubadilishwa
haiwi ya zamani wala mpya.
Nimeiona moja hivyo kwa Cirhuza: uso mweusi,
kijistari kimoja cheupe kikipepesa, kikipepesa.
Halafu printa. Kongwe, inakohoa kabla ya kila ukurasa,
imetoa vyeti, mialiko ya harusi, mauzo ya viwanja vinavyoteleza.
Nilipomwuliza Cirhuza kama itaelewana na huyo mgeni
aliangalia viatu vyake.

Lakini kinachonishika hasa ni likelemba.
Wanawake thelathini na mmoja wa soko la Kadutu,
miaka tisa, nani ametoa, nani amekula,
yote ndani ya programu ya shemeji yangu Bisimwa,
aliyehamia Kalemie na namba yake haipiti.
Haitafunguka kwenye mpya. Hilo hata Cirhuza anakiri.

Basi nilinunua daftari la kurasa mia mbili
nikaanza kunakili kwa mkono, tahadhari tu.
Usiku wa kwanza: majina. Wa pili: majina.
Wa nne, saa sita, mvua ikipiga bati,
nikafika kwa Nsimire M'Cibalonza, muuza lengalenga,
mzunguko wa kumi na nne.
Ametoa. Ametoa. Ametoa.
Kula: sifuri.
Nikarudi nyuma, nikahesabu kwa vidole, kwa njiti za kiberiti.
Programu ilimruka. Na mimi niliyechapa nilimruka.
Na yeye, asiyesoma, alikuja akauliza,
akachungulia kioo hiki juu ya bega langu,
nikamwambia: mama, mashine haikosei.

Sasa betri inasoma sitini na moja.
Kidirisha kimetokea tena, kina adabu, hakichoki.
Kuhusu sistemu sijui bado.
Labda Jumamosi, Cirhuza akileta diski yake.
Labda printa ife kwanza yenyewe, kwa heshima zake.
Nimekunja kona ya ukurasa wa Nsimire,
nimeweka kidole kwenye kitufe kile kile cha miezi saba
na kwa mara ya kwanza nimekisoma kama ombi:

nikumbushe kesho.
Kadutu, saa kumi na mbili, kabla hajatandaza mboga.