Nyuzi Mia na Kumi

Boksi lilikuja na mbavu, bolti, vitabu vitatu vya maelekezo,
na rangi ya kutosha bawa moja na nusu.
Taa hazikuwamo.
"Za nini?" Orest aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu.
"Ndege ya kujijengea. Karatasi itaandikwa: mchana tu.
Jua likizama, sisi tumo mezani."

Miaka minane banda la trekta halikuona trekta.
Mimi ndiye niliyeyavisha mabawa kitambaa,
mshono kwa mshono, gundi ikinuka hadi kwenye mkate,
na huko nje Saskatchewan ikigandisha kope.

Kisha Oktoba ile.
Alikwenda Wynyard kumwona kaka yake,
upepo ukamgeuka, jua halikumsubiri.
Nilisimama ukingoni mwa kiwanja, kwenye mabua ya ngano,
taa za pikapu zikimulika nyasi,
nikisikiliza injini nisiyoiona.
Giza zima lilikuwa na sauti ya mume wangu
na hapana hata nukta moja ya kuniambia
anakuja, au anapita.

Alitua salama. Sikumsemesha hadi Jumapili.
Jumapili nikasema:
"Hiyo karatasi yako ya mchana tu,
jua halijaisoma."
Nikauza mablanketi manne ya viraka, nikaagiza taa.

Sheria yenyewe ni fupi kuliko sala ya chakula:
nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia,
nyeupe mkiani, na kimulimuli mgongoni
kikipiga kama moyo wa mtu aliyepanda ngazi.
Ila kila taa ina mpaka wake.
Nyekundu ianzie puani, izunguke kushoto
nyuzi mia na kumi, ikome.
Ya kijani vivyo hivyo kulia.
Mkia uchukue zilizosalia, mia na arobaini.

Orest akaanza kutafuta kipimo cha pembe.
Nikacheka. Nyuzi?
Nimeishi nazo vidoleni tangu nina miaka tisa.
Nikaleta uzi.

Tukaisukuma nje usiku, na nyuzi nyingine hizo,
kumi na nane chini ya sifuri.
Kigingi chini ya tumbo, uzi mkononi,
nikaizunguka ndege kama mbuzi aliyefungwa.
"Sasa?" akapaza sauti kutoka kitini.
"Zote mbili."
"Sasa?"
"Nyekundu."
"Sasa je?"
"Nyekundu bado. Tulia, mwanamume wewe!"
Hatua mbili zaidi, theluji ikilia chini ya buti,
nyekundu ikafumba, nyeupe ikafumbua,
nami nikamwaga majivu ya jiko papo hapo.

Bwana Lindqvist, mkaguzi, alikuja Machi na chombo cha shaba.
Alipima, akasonya, akapima tena.
"Ya kijani imevuka kwa nyuzi mbili.
Nani aliyewapimia?"
"Mshonaji," nikasema.
Akaitazama mishono ya bawa kitambo.
Tukatia washa nyembamba nyuma ya taa,
naye akafuta lile neno, mchana, na lile jingine, tu.

Leo ameruka baada ya chakula.
Nyeupe peke yake: anakwenda zake.
Nimeitazama ikidogeka juu ya maghala ya nafaka
hadi nikaichanganya na nyota, nikaipata tena,
maana nyota haina haraka.
Sasa nyekundu. Anakata kona kushoto.
Sasa nyekundu kulia kwangu, kijani kushoto kwangu,
zote mbili, sawasawa, zikipanuka,
na sihitaji kusikia kitu.

Ile nyekundu inapepesa, lakini.
Kuna waya umelegea mahali fulani ndani ya bawa,
na kitambaa changu itabidi nikifumue.