Utendi wa Kijaluba

Bismillahi naanza,
sindano naweka kwanza,
jambo nililojifunza
nalitia utendini.

Jina Mwanashee Lali,
kofia za vito ghali
nashona tangu awali,
mkaazi wa Langoni.

Kila kito nakijua,
uzi wapi wapindua,
mkono umezoea
hata giza la jioni.

Huyu mpwangu Swabira,
afunzaye kwa ijara,
alinambia, “Hasara
hesabu za kitabuni.

“Njoo ufundishe chuma
kisichojua kusoma,
na hakijui kugoma
ukikitia kazini.”

Sikwenda kwa siku tatu,
nikaona haya, watu
wasije sema, “Bi wetu
arejea madrasani.”

Siku ya nne nikenda,
ngazi mbili nikapanda;
chini pamejaa punda,
juu joto la batini.

“Tuanze na kijaluba,
ukipe jina, ‘Akiba’,
ndani mwake tia saba,
saba itakaa ndani.

“Ukitia tisa tena,
ile saba hutoona;
lililobaki ni jina
na kilichomo mwishoni.

“Akiba,” akaitaja,
“sawa akiba na moja.”
Nikasema, “Ngoja! Ngoja!
Huu uongo wa nini?

“Saba haijawa nane,
hata na tuapishane!
Mwana, tusichezeane,
nami nina hamsini!”

“Si usawa wa kupima,
ni agizo lasukuma
kilicho kulia, hima
kiingie kushotoni.”

Hapo likaniingia:
ni kuhesabu kofia,
moja ikishatimia
nafuta chaki mlangoni.

“Ikiwa”, funzo la pili,
ndipo njia huwa mbili:
uzi wa hariri? Ghali;
la sivyo, bei ya chini.

Hakuna “pengine” hapo,
wala “njoo nikiwapo”;
ni ipo, ama haipo:
chuma hakina utani.

Kisha likaja la tatu,
kwa jina ni neno letu,
“kitanzi”! Si cha msitu,
ni kile cha sindanoni.

Wapita ukizunguka,
pale pale unashuka,
waanza ulikotoka
ila hatua mbeleni.

Nikasema, “Ni rahisi!”
Nikabonya kwa wepesi,
kikaandika kwa kasi
“kofia” juu na chini.

Kofia, tena kofia,
kioo kikaenea,
feni ndani ikalia
kama jini wa chupani.

Nikalia, “Zima! Zima!
Moto huu utavuma!”
Swabira, pasi kuhema,
ametulia kitini.

“Soma tena, taratibu,
kitanzi hakina tabu,
kimetii kwa adabu
ulilokipa mwanzoni.

“Ulisema: ‘Endelea
hadi kumi kutimia.’
Moja hukuongezea:
sufuri kijalubani.”

Mdudu wakaliita
kosa lililonipata;
mwenye mbawa sikukuta,
ni wangu, wa akilini.

Nimeshafumua sana
kofia za waungwana,
matundu yakikosana,
nikarudi ukingoni.

Kufumua si aibu,
ndiyo nusu ya jawabu;
mshonaji mjarabu
hafichi kosa pindoni.

Nikaitia “na moja”,
chuma kikanena: “Moja,
mbili, tatu…” Nikangoja.
Kikatulia kumini.

Nikaongeza gharama,
kitambaa cha kupima,
kioo kikanisoma
kama hakimu kortini.

Kofia za kwa Famau:
uzi nimeusahau,
bei nimeidharau,
hasara hii, jamani!

Kesho nitamgongea,
bei mpya kumwambia;
akibisha, nitatoa
hesabu ya mkobani.

Wiki ijayo, anena,
kazi tutaipa jina;
ukiliita, mchana,
usiku, iko kazini.

Mimi sijui ya mbele.
Sindano ni ile ile,
punda nao pale pale
wamezuia mlangoni.

Ikiwa punda hatoki,
ngoja; kama habanduki,
rudia “ngoja”; huchoki
hadi ufike nyumbani.